Matunzo ya kila mwezi, mkupuo au mali: umwombe hakimu nini ndoa inapovunjwa

Ndoa ikivunjwa mahakamani, maswali ya fedha yanayobaki mezani ni matatu: mali mliyochuma pamoja igawanywe vipi, watoto watunzwe vipi, na je, mtalaka mmoja aendelee kumtunza mwenzake. Hapa tunashughulika na hilo la tatu, matunzo ya mwenzi, kwa sababu ndilo linaloombwa vibaya kuliko mengine. Wengi huliandika kwa mstari mmoja mwishoni mwa hati ya madai, "apewe matunzo yanayostahili", kisha wanashangaa hukumu ikitoka bila hata shilingi.

Tunaongelea zaidi Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 (Sura ya 29), na tunaiweka Kenya pembeni yake, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, kila panapokuwa na tofauti inayobadili uamuzi wako. Zanzibar sheria ile ya 1971 haitumiki, na Waislamu wa huko hupeleka mambo yao kwa kadhi.

Matunzo ya watoto yaandikwe peke yake, na kiasi chake peke yake. Ukikubali "laki nne kwa mama na watoto", siku mama akiolewa tena baba atasimamisha zote nne, na itabidi urudi mahakamani kuthibitisha ni kiasi gani kilikuwa cha watoto.

Hakimu anaanzia wapi

Kifungu cha 115 cha sheria ya Tanzania kinasema mahakama *inaweza* kumwamuru mume amtunze mke au mtalaka wake. Maana yake hakuna matunzo yanayokuja yenyewe kwa sababu tu ndoa imevunjika. Amri inaweza kutolewa mume alipokataa au kupuuza kutunza, alipomtelekeza mke, wakati kesi ya ndoa ikiendelea, na wakati wa kutoa amri ya kutengana au talaka, au hata baada yake. Hapo penye "wakati kesi ikiendelea" watu hupapita haraka mno. Kesi ya ndoa inaweza kuchukua mwaka na zaidi, na maombi ya matunzo ya muda, yakiambatana na kiapo, yanaweza kuwasilishwa mapema bila kungoja hukumu.

Kiasi kinapangwa kwa kifungu cha 116. Kwanza kabisa hakimu anatazama uwezo wa anayelipa na mahitaji ya anayelipwa. Baada ya hapo anaangalia nani alaumiwe kwa kuvunjika kwa ndoa na kwa kiwango gani, pamoja na desturi za jamii ya wahusika. Mpangilio huo una maana. Tunaona wadai wanaleta mashahidi wanne wa ugoni na hawana hata karatasi moja ya mapato. Lawama inaweza kupandisha au kushusha kiasi, lakini hakimu asipojua uwezo na mahitaji hana namba ya kupandisha wala kushusha.

Kenya, kifungu cha 77 kinataja nyakati zinazofanana sana na hizo, lakini chenyewe hakina orodha ya vigezo vya kiasi. Majaji wameijaza nafasi hiyo kwa hukumu zao: muda wa ndoa, umri, afya, uwezo wa kila mmoja kujipatia kipato, na hali ya maisha waliyoizoea. Msimamo unaorudiwa ni kwamba mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi hawezi kumgeuza mtalaka wake mwajiri wake. Nesi wa miaka 35 mwenye ajira atapata kidogo sana, au kwa muda mfupi tu. Mama wa miaka 58 aliyeacha kazi kulea watoto ana hoja nzito zaidi.

| Jambo | Tanzania Bara | Kenya |
|---|---|---|
| Nani anaweza kudai | Mke au mtalaka wa kike. Mwanamume ikiwa tu maradhi au jeraha la mwili au akili limempunguzia au kumwondolea uwezo wa kujipatia riziki | Mwenzi yeyote, mume au mke |
| Lawama ya kuvunja ndoa | Imetajwa katika sheria, kama kigezo cha pili | Haimo katika kifungu chenyewe |
| Mdai akioa au kuolewa tena | Hukoma | Hukoma |
| Mdai akiweza kujitegemea | Lazima mlipaji aombe amri ibadilishwe | Sheria inataja hili kuwa sababu ya amri kukoma |
| Ndoa ya Kiislamu | Kwa kanuni, hayavuki kipindi cha eda (muda wa mke kungoja baada ya talaka) | Sheria ya Kiislamu hutumika, kwa kawaida mbele ya kadhi |

Mstari wa kwanza wa jedwali ndio unaowashangaza wanaume wa Dar es Salaam waliosoma habari za Nairobi. Kenya ilifuata Katiba yake ya 2010, ibara ya 45, inayowapa wanandoa haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakati wa kuivunja. Tanzania bado mwanamume mzima wa afya, hata mke wake akiwa na mshahara mara tano ya wake, hana mlango wa kuingilia.

Malipo ya kila mwezi

Haya yanamfaa anayedaiwa na mtu mwenye mshahara wa kuaminika: mwalimu, askari, mfanyakazi wa benki, mtumishi wa halmashauri. Mapato yanaonekana kwenye slipu ya mshahara, na akikaidi kuna mwajiri wa kumfuata. Yanamfaa pia anayedai akiwa mgonjwa au amezeeka, maana hakuna ajuaye mahitaji yake yatadumu miaka mingapi.

Ombi liandikwe kwa hesabu. Tuchukue mfano: mama mwenye kisukari anauza genge. Pango 120,000, chakula 180,000, dawa na kliniki 60,000, umeme, maji na nauli 70,000. Jumla 430,000 kwa mwezi. Genge linamwingizia 180,000. Pengo ni 250,000, na hilo ndilo ombi. Upande wa pili, mume anapokea mkononi 950,000, anatoa pango lake 200,000, mkopo 150,000, na watoto 200,000. Anabaki na 400,000, na humo atakula na kuvaa. Ombi la 250,000 ni zito ila linajadilika, na hakimu anaweza kulishusha hadi 180,000 au 200,000. Ombi la 600,000 linamwambia hakimu kwamba hujafanya hesabu, na ukishampa sababu ya kutoiamini namba moja ataanza kuzitilia shaka zote.

Vielelezo vya upande wako ni risiti za pango, daftari la kliniki, risiti za duka la dawa. Vya upande wa pili ni slipu za mshahara, taarifa ya benki, taarifa ya M-Pesa au mtandao mwingine, leseni ya biashara, kumbukumbu za kampuni kutoka BRELA (wakala wa usajili wa biashara na kampuni), kadi ya gari. Usipokuwa nazo, omba mahakama imwamuru azilete. Kukaa kimya ndiko kunakokuumiza.

Malipo ya mwezi yana udhaifu mwingi. Amri isiyo na dhamana, yaani isiyolindwa na mali yoyote, hukoma mmoja wenu akifa, hata anayelipa akiacha nyumba sita. Hukoma ukiolewa tena. Inaweza kubadilishwa au kufutwa ikithibitika ilitokana na maelezo ya uongo au makosa ya ukweli, au hali imebadilika kwa kiasi kikubwa: kazi imeisha, ugonjwa umeingia, mapato yako yamepanda. Mlango huo ni wa pande zote mbili. Bei zikipanda na mshahara wake ukapanda, nawe unaweza kurudi kuomba nyongeza.

Halafu kuna kukaidi. Amri ya matunzo haijikazii yenyewe. Miezi mitatu ikipita bila malipo, unapeleka maombi ya kukazia hukumu katika mahakama iliyotoa amri, ukieleza miezi isiyolipwa na jumla yake, na ukiomba njia mahususi: makato kwenye mshahara, kukamata mali, au mdaiwa kupelekwa gerezani kama mfungwa wa madai. Usiache deni lilale miaka. Ndiyo maana amri yenyewe iandikwe iwe na meno: kiasi kwa tarakimu, tarehe ya kila mwezi, namba ya akaunti au ya simu, na siku malipo yanapoanza, iwe tangu maombi yalipofunguliwa au tangu hukumu. Amri ya "matunzo kulingana na uwezo wake" haiwezi kukaziwa na mtu yeyote. Lipwa kwa benki au simu, kamwe si mkononi, maana mkononi ndiko kila ugomvi wa "nilimpa" unakotokea.

Jambo moja zaidi kwa walio Tanzania. Kifungu cha 160 kinadhania kuwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na kujulikana kama mume na mke, wameoana, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Anayepokea matunzo na kuishi kinyumba na mwenzi mpya ategemee hoja hiyo kutoka kwa wakili wa mtalaka wake. Kifungu hichohicho kina upande wa faida: mwanamke aliyeishi hivyo, na dhana hiyo ikakanushwa kwa ushahidi, bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

Mkupuo

Mkupuo ni kiasi kimoja cha fedha, au mali, kinacholipwa ili kumaliza madai yote ya matunzo ya baadaye. Kwa sheria ya Tanzania huu ni mkataba baina yenu, na hauna nguvu mpaka mahakama iukubali, pengine kwa masharti. Ukishakubaliwa unamlinda mlipaji dhidi ya dai lolote la matunzo siku za mbele.

Sharti hilo la idhini ndilo linalosahaulika zaidi, na pande zote mbili huumia. Mume anatoa milioni nane mbele ya mjumbe wa shina na wazee wawili, karatasi inasainiwa, kila mtu anapeana mkono. Mwaka unaofuata mtalaka wake anafungua maombi ya matunzo, na karatasi ile haimzuii. Au mke anapokea milioni tatu kati ya nane, zilizobaki haziji, na hana amri ya mahakama ya kukazia. Mkataba upelekwe kwa hakimu uingizwe kwenye hukumu.

Kupima kama mkupuo unafaa, ugawe kwa kiasi cha mwezi ambacho ungekipata kwa uhalisia. Kwa 250,000 kwa mwezi, milioni 8 ni sawa na miezi 32, yaani miaka miwili na miezi minane. Kama unatarajia kuhitaji matunzo miaka minne, thamani yake kwenye karatasi ni milioni 12, lakini milioni 12 za mtu atakayekwepa miezi kumi na tano si milioni 12. Mwenye biashara ya maduka ya simu, ambaye leo ana mtaji na mwakani anaweza kufilisika au kuhamishia kila kitu kwa ndugu yake, mchukulie mkupuo hata ukipunguza robo. Mtumishi wa umma mwenye miaka kumi na tano ya kazi mbele yake, usimpunguzie kirahisi.

Mkupuo unamfaa sana mwenye mpango wa kuolewa tena, kwa kuwa fedha ikishalipwa yote hakuna malipo yajayo ya kukomeshwa. Haumfai mwenye ugonjwa wa kudumu au asiye na mazoea ya kutunza fedha nyingi kwa pamoja, na tunalisema hili bila kumdharau mtu: shinikizo la ndugu kwenye milioni nane ni kubwa kuliko kwenye laki mbili na nusu.

Kama utalipwa kwa awamu, mkataba utaje tarehe za kila awamu na sharti kwamba awamu moja ikikosekana, salio lote linakuwa deni la papo hapo.

Njia ya kati ambayo haiombwi

Sheria inairuhusu mahakama kuamuru malipo ya mwezi yalindwe kwa dhamana: mali fulani inawekwa chini ya wadhamini, na mapato yake yanamlipa mtunzwaji. Mfano ulio rahisi ni nyumba ya kupangisha yenye vyumba sita. Kodi ya vyumba viwili inaingia kwenye akaunti ya mtalaka kila mwezi. Faida yake si ndogo. Amri yenye dhamana haifi na mlipaji. Inakwenda hadi kifo cha anayelipwa, isipokuwa imepewa muda mfupi zaidi, imefutwa, au ameolewa tena. Kenya nayo inatofautisha amri yenye dhamana na isiyo nayo kwa namna inayofanana.

Kwa nini hatuioni sana mahakamani? Kwa sababu mawakili wachache huiomba, na hakimu haongezi kitu ambacho hakikuombwa. Mlipaji akiwa mzee, mgonjwa, au mwenye mali na asiye na mshahara, hii ingepaswa kuwa chaguo lako la kwanza.

Kuchukua mali zaidi na kuachana na matunzo

Mgawanyo wa mali, kifungu cha 114, unategemea msingi mwingine kabisa: jitihada za pamoja. Hapa hakimu hatazami mahitaji yako ya kesho. Anatazama ulichochangia, kwa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto wadogo, na desturi. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983, ile inayojulikana kwa jina la Bi Hawa, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango. Ambacho hakisimuliwi mara nyingi ni kwamba katika kesi hiyohiyo mke hakupata sehemu ya nyumba, kwa kuwa Mahakama iliona fedha alizokabidhiwa na mumewe kwa mradi wa familia alizitumia vibaya. Kanuni ilimfaa kila mke aliyekuja baada yake.

Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua mchango usio wa fedha: kazi za nyumbani, malezi, uandamani, kazi ya shamba, usimamizi wa biashara. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa wa ibara ya 45 si amri ya kugawa nusu kwa nusu. Kila mmoja athibitishe mchango wake, ingawa katika shauri hilo matokeo yalibaki nusu kwa nusu.

Ubora wa mali ni kwamba ikishakuwa yako haiondoki ukiolewa, haishuki mtalaka wako akiachishwa kazi, haifi naye. Kiwanja chenye vyumba vya kupangisha ni matunzo yasiyohitaji kukaziwa. Mwenye nafasi ya kupata mali halisi inayozalisha, na aliye na nguvu za kuisimamia, kwa kawaida achague hii hata kama itamlazimu kulegeza ombi la mwezi.

Matatizo huanza mali ikiwa kwenye kiwanja cha ukoo, ikiwa imewekwa rehani benki, au jina la hati likiwa la mama mkwe. Hapo unaweza kushinda na usipate kitu, kwa hiyo kagua hati, mkopo na mipaka *kabla* ya kuacha dai la matunzo. Kisha kuna amri ya "wagawane sawa" isiyosema kwa njia gani. Nyumba moja haikatwi katikati. Omba hukumu itamke hatua: nyumba ithaminiwe na mthamini aliyesajiliwa, upande mmoja ununue sehemu ya mwenzake ndani ya siku 90, akishindwa iuzwe na fedha zigawanywe kwa asilimia zilizotajwa. Bila hayo, anayekaa ndani hana haraka yoyote.

Ndoa ya Kiislamu: eda na vinavyoizunguka

Kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu chaguo la malipo ya mwezi ya muda mrefu karibu halipo. Kwa kanuni matunzo baada ya talaka ni ya kipindi cha eda: twahara tatu kwa anayepata hedhi, miezi mitatu kwa asiyepata, na kwa mjamzito mpaka ajifungue. Katika talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mke, anastahiki nafaka (yaani matunzo) na makazi kipindi chote hicho.

Kwa hiyo nguvu zielekezwe kwingine. La kwanza ni mahari iliyobaki bila kulipwa, ambayo ni deni la mume na haitegemei uwezo wala lawama. Lete cheti cha ndoa kinachotaja kiasi. La pili ni kiliwazo cha mwenye kuachwa. La tatu, na kwa Tanzania Bara ndilo kubwa, ni mgawanyo wa mali chini ya kifungu cha 114, ambao kikomo cha eda hakiuhusu. Mwanamke aliyeishi miaka ishirini na akapeleka kesi inayoomba nafaka ya eda peke yake ameacha sehemu kubwa ya haki yake nje ya chumba cha mahakama. Anayefikiria khului apime pia: kurudisha mahari ili aachwe kunaweza kuwa nafuu, au kunaweza kuwa kumlipa mtu aliyepaswa kumlipa yeye.

Makosa ya mlangoni

Kwa Tanzania Bara, ombi la talaka linahitaji kwanza cheti cha Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kinachosema usuluhishi umeshindikana, na cheti hicho kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Kuna misamaha, mfano mwenzi ametoroka na hajulikani alipo, au aliitwa barazani akakataa makusudi kuja. Cheti kikikosekana, kikiwa cha zamani, au kikitolewa na chombo kisicho baraza, mwenendo wote unaweza kufutwa kwenye rufaa, pamoja na amri nzuri ya matunzo uliyokwisha kuipata. Barua ya mchungaji au ya mtendaji inayosema "wameshindwa kuelewana" si lazima iwe cheti hicho. Uliza kama kamati yao imeidhinishwa kuwa baraza.

Mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya mashauri ya ndoa. Ya mwanzo ni nafuu na iko karibu. Kwa mali nyingi, kampuni au ombi la dhamana, anzia wilaya au kwa hakimu mkazi. Rufaa ya uamuzi wa hizo mbili kwenda Mahakama Kuu inafunguliwa ndani ya siku 45, na hati yake inapelekwa katika mahakama iliyotoa uamuzi, kwa hiyo nakala ya hukumu na mwenendo iombwe kwa barua wiki ileile hukumu inaposomwa.